Kondoo wa Kutunza Nyasi

Wafugaji wengi hununua mifugo kwanza, malisho wakayahangaikia baadaye. Katika nyanda za Uingereza wapo wanaoanzia upande wa pili. Ngano imevunwa Agosti, nyasi na klova zimepandwa upesi kabla ardhi haijapoa, na ikifika Oktoba mwenye shamba anatafuta midomo. Anaowataka ni wanakondoo wa milimani, waliozaliwa Aprili au Mei, wanaoshushwa kwenye minada ya Wales kama ya Builth Wells.

Kwa nini si ng'ombe? Udongo umelowa, na kwato zake zingeacha vishimo vya kutuamisha maji. Mwanakondoo wa kilo 30 hushindilia udongo kwenye mizizi, basi. Akikata majani ya juu, mwanga hufika shinani, nyasi ikachipua pembeni, na klova iliyozibwa ikapata nafasi.

Lakini lango halifunguliwi kwa kutazama kalenda. Mkulima huinama, akabana nyasi kati ya kidole gumba na cha shahada, akavuta kwa mkupuo huku akipinda kiganja, vilevile kondoo avutavyo. Jani likikatika, sawa. Mche ukija na mizizi yake, wanakondoo wasubiri. Hurudia hivyo pembeni, katikati, na pale penye maji, kwani shamba moja halikomai kwa pamoja.

Mnadani mkono ndio unaoamua tena. Sufu hudanganya, hivyo vidole huzamishwa nyuma ya ubavu wa mwisho kupapasa ncha za mifupa ya kiuno. Mnunuzi huyu, na hapa ndipo ninapomvulia kofia, humpita mnene anayegombewa na wengine: huyo ataenda machinjioni mapema, nyasi zibaki bila mlaji. Humchagua mwembamba mwenye umbo refu, macho maangavu na mkia usio na kinyesi, maana kuhara huenda ni minyoo.

Wanakondoo wakifika shambani hutengwa, wakapewa dawa ya minyoo na chanjo, wakashibishwa nyasi za zamani kabla ya kuonja changa. Kisha uzio wa umeme husogezwa kila nyasi zinapokaribia sentimita 5, kwani kondoo huchagua klova, na akiachwa atairudia hadi aimalize. Mwishoni mwa Januari huondolewa wote ili shamba lipumzike. Ambao hawajanona huhamishiwa kwenye shamba la tanipu, mazao ya mizizi.