Mkono Ukatao Nyama: Kuhusu Picha za Edward Burra

Kati ya vita kuu mbili za dunia, wachoraji wachache wa Uingereza waliutazama usiku wa mijini kwa jicho kali kama Edward Burra (1905–1976). Wapo makada wanaomtupa upesi: mtoto wa familia yenye mali aliyezunguka baa za mabaharia Marseilles na kumbi za dansi Harlem wakati mamilioni ya wafanyakazi wamekosa kazi. Tabaka lake ni hilo, hatulifichi. Lakini uchambuzi unaokomea kwenye ukoo wa msanii ni uvivu tu.

Tuchukue picha yake ya mwaka 1930, "The Snack Bar". Mwanamke aliyejipodoa anakula mkate wenye nyama. Nyuma ya kaunta mhudumu anakata nyama ya nguruwe huku akimtupia jicho la wizi. Ile nyama ya waridi, ukiitazama kwa muda, huachani nayo na ngozi ya watu: vyote viko kaunta moja, na chini ya ubepari vyote vina bei. Zaidi ya hayo, katika starehe hii yumo mtu aliye kazini. Burra mwenyewe aliteswa na baridi yabisi tangu utotoni, hata akachora zaidi kwa rangi za maji, ameketi mezani. Nadhani alijua thamani ya mkono unaofanya kazi.

Harlem ni jambo jingine. Alifika New York mwaka 1933, na mwaka 1934 akachora barabara zake na ukumbi wa Savoy. Watu weusi amewachora kwa mapenzi: kofia, sigara, mikao. Je, walikuwa wanaishije? Mwaka huo huo wakazi waligomea maduka ya 125th Street yaliyopokea fedha za weusi na kukataa kuwaajiri. Tarehe 19 Machi 1935 hasira ililipuka barabarani. Katika picha zake hakuna mgomo, wala mwenye nyumba anayedai kodi. Yule mhudumu wa 1930 ametoweka, wamebaki wastarehe.

Vita vilipozuka Hispania mwaka 1936, Burra alishtushwa na makanisa yaliyochomwa, na huruma yake ikaelemea upande wa Franco. Baadaye akachora mashetani na majeshi. Katika "Soldiers at Rye" ya 1941, askari wamevaa vinyago vyenye midomo ya ndege. Wanatisha kweli, ila aliyewatuma haonekani.