Rosa Mistika na Wosia Uliokosekana

Masumbwe, katika wilaya ya Mbogwe, ilihesabiwa Shinyanga hadi mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012. Huko nilikuta nakala ya Rosa Mistika iliyoshonwa mgongo kwa uzi wa gunia. Mwenyewe ni binti wa kidato cha tatu, ambaye kaka zake waliacha shule wakaingia katika maduara ya dhahabu. Baada ya shikamoo aliniuliza: "Babu, kwa nini mwandishi kamuua?"

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu riwaya hii ilipotoka mwaka 1971. Ilipigwa marufuku shuleni, kisha ikaja kuruhusiwa. Walioikataa waliona uasherati tu. Nionavyo mimi, walizisoma kurasa za kati wakazisahau za mwanzo. Zakaria anaikuta barua ya Charles kwa bintiye, naye jawabu lake ni kipigo. Hasemi neno juu ya mapenzi, wala juu ya wanaume. Mama, Regina, mwenyewe anaishi chini ya mkono uleule. Rosa anatoka nyumbani na hofu peke yake, na hofu ikishamwishia hana kingine cha kushika.

Sisi wa pwani tunao Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Wako wanaoulaumu kwa utiifu unaomtaka mke aushike, nami siutetei hapo. Lakini tazama mkao wake: mama mgonjwa anamwita bintiye karibu, anamkalisha, anasema naye kama mtu mwenye akili. Binti anaweza kuukubali wosia ule au kubishana nao maisha yake yote. Rosa hana hata cha kubishana nacho, na hapo ndipo Kezilahabi alipoona mbali kuliko waliomhukumu.

Mwishoni, hata hivyo, mkono wake unakuwa mzito. Rosa amekwisha kujirudi; Charles anamkataa kwa kuwa si bikira, naye anajiua. Mwandishi aliyemshitaki baba kwa ukali anamwachia mchumba atoe hukumu ileile, na hamhoji vya kutosha. Linganisha na Siku Njema ya Ken Walibora (1996): Kongowea, yatima wa Tanga, anakwenda Kenya kumtafuta baba yake, anateseka, na anafika. Mvulana ameachiwa njia ndefu. Msichana kafungiwa katika kosa lake. Nadhani hilo ndilo alilolihisi yule binti, ingawa hakulitaja hivyo.

Nilimpelekea Siku Njema. Aliisoma kwa siku mbili, akaniandikia kuwa ameipenda mno, na akauliza kama ipo nyingine kama hiyo ambayo anayesafiri ni msichana. Bado naitafuta, msomaji mwenye nayo aniarifu.