Kuijua Dang'a Bora ya Nyati Murrah

Kwa nyati Murrah, jamii inayosifika kwa maziwa huko Haryana, kaskazini mwa India, jicho ni mwamuzi mbaya wa dang'a. Wenye ng'ombe hupenda iwe ya manjano. Nyati hugeuza karibu karotini yote kuwa vitamini A, ndiyo maana maziwa yake ni meupe pe. Ukidai umanjano utakataa dang'a nzuri. Uzito nao huenda ni wa mafuta tu. Kinachotafutwa ni kingamwili, hasa IgG, ambazo hazipiti kwenye kondo. Ndama huzaliwa hana akiba yoyote; yote ataipata kwa kunywa.

Shika refraktomita, ile ile inayopima sukari ya juisi. Koroga dang'a ya chuchu zote nne, dondosha tone kwenye kioo, funika, elekeza kwenye mwanga, kisha soma pale kivuli kinapokatika. Kwenye kipimo chake cha Brix, 22 kwenda juu huashiria takriban gramu 50 za IgG kwa lita. Kizingiti hicho kilitokana na ng'ombe, basi kwa nyati kiwe chujio la kwanza tu. Ukiona damu au madonge, usihangaike na namba: mwaga.

Mimi huuliza kwanza habari za mama. Alikaushwa siku 60 hivi kabla ya kuzaa? Alivujisha maziwa kabla ya uchungu? Aliyezaa mara kadhaa kwa kawaida humshinda wa uzao wa kwanza, maana amekutana na magonjwa mengi zaidi ya zizi lile. Njaa na joto kali la miezi ya mwisho ya mimba hupunguza ubora.

Halafu saa. Wapo wafugaji wanaomzuia ndama asinyonye mpaka kondo litoke. Desturi hiyo inaua. Dang'a inayobaki kiweleni huzidi kuchujuka, na utumbo wa ndama unaanza kufunga mlango. Baada ya saa 24 kingamwili hazipenyi tena. Ndama wa kilo 30 apate lita 3, ndani ya saa 6 za kwanza, kutoka mikono na ndoo safi.

Kati ya saa 24 na 48, toa damu kidogo ya ndama, iache igande, upime majimaji yanayojitenga. Brix 8.4 au zaidi inaridhisha. Ikiwa chini, na dang'a ilisoma vizuri, chunguza muda, kiasi na usafi.