Neno Lisilo Neno: Uhakiki wa Kiswahili cha Kufungulia Akaunti

Mjadala wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili umetumia wino mwingi juu ya jina la mashine yenyewe: iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Watumiaji walikwisha kuamua zamani, nao wakashika kompyuta. Lililosahauliwa ni sentensi fupifupi ambazo mashine humwambia mtu anapotaka kuingia katika akaunti yake na kukataliwa. Hizo nazo ni matini, na zastahili kuhakikiwa.

Neno la kwanza la kuhojiwa ni nenosiri, ambalo huko Tanzania huitwa pia nywila. Nywila halimwambii kitu msomaji wa Lubumbashi, lakini angalau halimdanganyi. Nenosiri humwahidi kwamba atatakiwa neno. Akiandika neno, tena neno safi la lugha yake, hulikuta limekataliwa.

Kasoro kubwa zaidi imo katika herufi. Kifaransa kina caractère, jina linalokusanya kila kinachoandikwa kwa kubonyeza kitufe. Wafasiri wa programu wameliweka herufi mahali pake, ilhali darasani herufi ni alama ya sauti. 7 ni tarakimu, na nukta ni alama ya uandishi. Basi mtu huagizwa kuandika herufi zisizopungua 8, huandika herufi 8, na hukataliwa. Ujumbe wa pili humtaka aongeze «herufi maalumu». Mwanafunzi wa sarufi ana haki ya kuuliza ni herufi gani hiyo; labda ng' yenye kibainishi chake? Aliyetii agizo kama lilivyoandikwa ndiye anayehesabiwa kuwa amekosa.

Kisha huja hukumu: «Nenosiri si sahihi.» Kwa kuwa sahihi ni pia mtu kutia jina lake mwishoni mwa hati, sentensi hii yaweza kusomwa kwa maana ya pili, na kwa maana hiyo, ajabu, inasema kweli. Sahihi huonwa na watu wote ikabaki ya mwenyewe. Nenosiri likionwa mara moja, limekuwa la yeyote aliyeliona.

Si mchezo wa maneno tu. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha 4 za kitaifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, huku Kifaransa kikibaki lugha rasmi. Mtumiaji anayejua Kifaransa, akishindwa kuuelewa ujumbe, huirudisha simu yake katika Kifaransa na mambo yakaisha. Mama asiyekijua humpa simu kijana wa kibandani. Kijana humchagulia nenosiri, humwandikia kwenye karatasi, na tangu saa hiyo siri ni ya watu wawili.

Haifai lakini kuwatwika wafasiri mzigo wote, kwani kanuni yenyewe ilikuwa mbovu. Mwaka 2003 Bill Burr wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, aliandika mwongozo uliosaidia kueneza desturi ya kudai mchanganyiko wa alama na kubadilisha nenosiri mara kwa mara. Mwaka 2017 NIST iliacha kupendekeza mambo hayo mawili na kusisitiza urefu. Burr mwenyewe alikiri hadharani kwamba anayajutia mengi aliyoyaandika. Hata hivyo mifumo mingi bado inayadai, na watu hujibu kwa kuandika Kiswahili1! wakidhani wamejikinga.

Kwa upande wa urefu Kiswahili hakina upungufu. Kitenzi kimoja, hatutawasahaulisha, kina herufi 18. Kitenzi kimoja hakitoshi, maana viambishi hufuata utaratibu unaoweza kukisiwa. Maneno manne yasiyohusiana ni kinga bora.

Marekebisho yanayohitajika ni machache. Alama lichukue nafasi ya caractère, chini yake zitajwe herufi, tarakimu na alama nyinginezo, na herufi maalumu lifutwe kabisa. Ujumbe wa kukataa una sababu ya kutosema kama kosa liko kwenye jina au kwenye nenosiri, kwani mwizi angefaidika. Lakini hakuna sababu ya kutoandika: «Jina na nenosiri ulivyoandika havilingani na vilivyohifadhiwa.» Ni sentensi ndefu kidogo kwa kioo cha simu ndogo, ila haimwiti mtu mkosaji kabla haijajulikana nani amekosea.