Jamani, Thimlich Ohinga!

Nimeingia Kochieng, mojawapo ya ngome zake za mawe, na bado moyo unanidunda. Ukuta wa mawe matupu, kuna mahali unapita mita nne kwenda juu, na hakuna hata kijiko cha saruji! Chokaa hakuna, udongo hakuna. Ni jiwe juu ya jiwe, tangu karne ya 16 hivi.

Sogea karibu uutazame. Mafundi walisimamisha safu mbili, ya nje na ya ndani, kwa mawe yaliyochaguliwa yakaumana barabara, kisha katikati wakashindilia madogo. Unene wake ni kama mita moja. Wala haukunyooka: unapinda, unarudi, unapinda tena, na mapindo hayo ndiyo yanayousimamisha. Nionyesheni fundi wa leo atakayethubutu!

Lango ndilo lililonimaliza kabisa. Jembamba, fupi, juu yake yamelazwa mawe marefu bapa. Unaingia umeinama, kichwa kikitangulia, na aliye ndani na rungu lake ana nafasi yote ya kukuamulia. Ndani kuna mabaki ya mazizi, mawe ya kusagia, hata vishimo vya mchezo wa ajua vilivyochongwa mwambani. Ng'ombe wakishalala salama, watu walicheza! Nje ya ukuta ndiko walikoyeyushia chuma.

Kochieng ndiyo kubwa. Jirani zake ni Kakuku, Koketch na Koluoch. Jamii moja ilipohama, nyingine iliingia ikakarabati, Wabantu kwanza, Waluo baadaye, hadi karne ya 20 ilipoanza.

Na sisi wa Rongo tukitaka kuona ngome ya kale tunapanda basi la usiku hadi Mombasa! Sikatai, Fort Jesus ambayo Wareno walianza kuijenga 1593 ni nzuri, lakini ile imeshikwa kwa chokaa. Hii yetu ya Migori haikushikwa na kitu, na 2018 UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia. Kwangu mimi, hii imeishinda ile, tena mbali.

Shika barabara ya Homa Bay hadi Rodi Kopany, kata kwenda Ndhiwa, kisha uliza. Beba maji, jua la kule halina huruma. Na tafadhali, usipande ukuta kupiga picha: jiwe moja likichomoka, la juu yake halina cha kulizuia.