Punguzo Lililoshonwa Kiwandani

Fundi wangu wa Magomeni alilaza makoti mawili mezani, akachukua kiwembe. La kwanza ni la binamu yangu, alilinunua London katika duka kuu la chapa moja ya Ulaya. La pili ni langu: chapa ileile, bluu ileile iliyokoza, ila nililinunua katika duka la punguzo la chapa hiyo, nje ya mji. Lebo ya bei ilikuwa na paundi 320 zilizopigwa mstari, na chini yake 129 kwa wino mwekundu. Baada ya kwenda kwa dobi mara mbili, kifua cha koti langu kiliota malengelenge. Nilijua dobi ameliunguza.

"Usimlaumu dobi, kaka," fundi akasema alipofungua bitana. "Hili kifua chake hakikushonwa. Limegandishwa."

Ndani ya koti la binamu kulikuwa na kitambaa kigumu cha pamba na singa za farasi, kimeshikizwa kwa nyuzi ndefu zilizolegea, kinacheza katikati ya kitambaa cha nje na bitana. Hicho ndicho kinacholipa koti umbo la kifua na kulifanya lizidi kumkaa mtu kadiri anavyolivaa. Katika koti langu pahala pake palikuwa na kitambaa chepesi chenye vidoa vya gundi, kilichobandikwa kwa pasi ya moto. Joto la dobi lilipoiachisha gundi huku na huko, kitambaa cha nje kikavimba palepale. Hakuna fundi anayeweza kuirudisha. Kwenye mshono wa ubavuni, koti la binamu lilikuwa limekunjiwa ndani karibu sentimita tatu za akiba, kwa hiyo likimbana litaachiwa. Langu halikufika sentimita moja. Lebo ya ndani ya lake ilisema sufu asilimia 100. Ya kwangu, sufu 55 na poliesta 45.

Koti lililogandishwa si kosa. Makoti mengi ya maduka ya kawaida yako hivyo, na yanauzwa kwa bei inayolingana nayo. Kilichoniuma ni zile paundi 320. Nilisoma ile namba nikaamini kwamba nimeshika koti la binamu yangu kwa bei ya chini, na kumbe koti la namna ile halikuwamo dukani mle hata moja.

Maduka haya hayakuanza hivyo. Kila kiwanda cha nguo kina mabaki: zenye kasoro ndogo, zilizozidi oda, za msimu uliopita. Zamani mabaki hayo waliuziwa wafanyakazi. Mwaka 1970 kampuni ya Vanity Fair ilitenga sehemu ya kiwanda cha soksi pale Reading, Pennsylvania, ikawauzia watu wa nje pia, na mji ule ukawa mahali pa kufuata nguo za bei nafuu kutoka mbali. Mwaka 1985 ikafunguliwa Woodbury Common, kijiji kizima cha maduka ya punguzo, katika jimbo la New York. Uingereza ikapata Bicester Village, jirani na Oxford, mwaka 1995. Mwaka 2000 zikaja La Vallée Village mashariki mwa Paris na Serravalle kaskazini mwa Italia.

Sasa piga hesabu. Chapa inayoendeshwa vizuri hujitahidi isibaki na nguo, maana kila kinachobaki ni hasara. Chapa hiyohiyo ikiwa na maduka ya punguzo kwenye vijiji vya maduka katika nchi kadhaa, kila duka lazima lijae mwaka mzima, kila rafu iwe na saizi zote. Mabaki hayatoshi, na hayawezi kutosha. Kwa hiyo kampuni nyingi zikaanza kushonesha nguo mahususi kwa ajili ya maduka ya punguzo: mchoro wa juu unafanana, kitambaa kinashushwa, hatua mbili tatu za ushonaji zinarukwa. Punguzo linakuwa limeshatiwa ndani ya nguo kabla haijapanda meli.

Hapo ndipo dalili ya kwanza ilipo, na haihitaji utaalamu. Mabaki huwa hayajakamilika. Ukikuta shati moja limepangwa kuanzia saizi ndogo hadi kubwa kabisa, kwa rangi nne, lile halikubaki popote. Limetengenezwa liwe pale. Ukikuta moja la saizi isiyo na watu wengi, la rangi ambayo wengi wangesita, limesukumwa mwisho wa kamba pamoja na nguo zisizofanana nalo, hapo simama utazame vizuri. Nguo za msimu mwingine nazo ni ishara njema: koti zito la sufu linalouzwa Julai lina sababu ya kweli ya kushuka bei.

Baadhi ya chapa huacha alama wazi kwa anayejua. Gap huweka vidoa vitatu vya mraba chini ya jina kwenye lebo ya nguo zake za maduka ya punguzo, na Banana Republic huweka vidoa vya umbo la almasi. Kwa miaka mingi Coach ilitanguliza herufi F mbele ya namba ya mkoba uliotengenezwa kwa ajili ya maduka hayo. Hakuna anayekuelezea haya pale mlangoni.

Suala la bei iliyopigwa mstari limefika mbali. Januari 2014 maseneta watatu wa Marekani na mbunge mmoja waliiandikia Tume ya Biashara ya nchi hiyo, wakiitaka ichunguze maduka ya punguzo yanayouza nguo za ubora wa chini zilizoshonwa kwa ajili yao bila kumwambia mnunuzi. Mwaka uliofuata Michael Kors ilikubali kulipa karibu dola milioni 4.9 kumaliza kesi ya wanunuzi waliodai kwamba bei ya kulinganisha iliwekwa kwenye bidhaa ambazo hazikuwahi kuuzwa kwingine. Kampuni haikukiri kosa. Ila ukiisoma kesi ile unaelewa kazi ya namba ya juu: inakufanya uhesabu ulichookoa, usahau kuhesabu ulichonunua.

Na umbali unasaidia kazi hiyo. Kutoka stesheni ya Marylebone, London, treni inachukua chini ya saa moja kufika Bicester Village. Tangu 2015 kuna stesheni yenye jina la kijiji hicho, na matangazo yake yanasomwa hata kwa Kichina na Kiarabu. Chapa hupenda umbali huo kwa sababu duka la punguzo haliyaibii wateja maduka yao ya mjini. Mnunuzi naye, akishalipa nauli na kupoteza nusu siku, anaona aibu kurudi mikono mitupu. Niliona watu wakinunua mkanda tu ili safari iwe na maana. Nami koti langu lilinunuliwa saa kumi na moja jioni, dakika chache kabla ya kuwahi treni.

Kwenye kodi napo watu hujidanganya. Ufaransa kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 20, na msafiri kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anayenunua kwa zaidi ya euro 100 anaweza kudai arudishiwe. Wengi wanangoja asilimia 20 ya walicholipa. Kodi imeshaingizwa ndani ya bei, hivyo katika kila euro 120 kodi ni 20, yaani chini ya asilimia 17, na kampuni inayorudisha inakata chake. Mara nyingi kinachokufikia ni karibu asilimia 12. Italia imepunguza kiwango cha chini kutoka euro 154.94 hadi 70 tangu Februari 2024, na hiyo inamsaidia mwenye mfuko mdogo. Uingereza ilifuta marejesho haya mwaka 2021, isipokuwa Ireland ya Kaskazini, kwa hiyo anayelinganisha bei za Bicester na za Paris aliingize hilo kwenye hesabu.

Dubai, ambako wafanyabiashara wetu wengi hupita, kodi ni asilimia 5 tu. Ukinunua kwa dirhamu 250, kodi iliyo ndani ni kama 11.90. Unarudishiwa sehemu yake kubwa ukitoa ada ya 4.80, na mkononi zinabaki dirhamu 5 na ushee. Kwa pesa hiyo sipangi foleni uwanja wa ndege.

Tofauti hizi za ushonaji wenzetu wa soko la mitumba la Mchikichini, Ilala, wanazijua kwa vidole. Belo la mtumba likifunguliwa nguo hazina bei iliyopigwa mstari, na lebo za bei zilishakatwa zamani. Kinachobaki ni nguo yenyewe. Mchaguzi hodari anageuza shati ndani nje, anatazama ovaloki ya ubavuni, anavuta mshono wa kwapa, anaangalia kama mistari ya mfuko inakutana na mistari ya kifua, anasugua kola kati ya vidole. Hafiki kwenye jina la chapa mpaka amalize hayo. Nimemwona mama mmoja akiacha shati lenye jina kubwa akachukua lisilo na jina, bila hata kugeuka nyuma.

Kwa koti kuna kipimo kingine alichonifundisha fundi siku ile. Shika kifua cha koti, kitambaa cha nje kwa vidole vya mkono mmoja na bitana kwa mkono wa pili, uviachanishe taratibu. Ukihisi kitambaa cha tatu kinateleza katikati, kimeshonwa. Ukihisi viwili tu, na cha nje kikiwa kigumu kama karatasi, kimegandishwa. Hata ukiwa katika chumba cha kujaribia, inachukua sekunde chache.

La binamu, fundi alilipunguza mikono akalifunga kwenye mfuko. Langu alilitazama tena, akapitisha kidole gumba kwenye vifungo.

"Hivi ni vya pembe," akasema. "Vizuri sana. Hivi hawakubadilisha."

Tulivikata vyote, vidogo vya mikononi na viwili vya mbele, na wiki iliyofuata akavishona kwenye koti jipya alilonishonea yeye.