Mpangilio wa Majina ya Jozi katika Kiswahili: Uhakiki wa Kanuni ya Urefu

Mwaka 1909 mwanaisimu wa Kijerumani, Otto Behaghel, alieleza kanuni kwamba kiambajengo kifupi hutangulia kirefu. Anayeichukua kanuni hiyo kuwa mwongozo wa majina ya jozi huhesabu silabi kwanza na kuuliza maana baadaye. Makala haya yanadai kwamba kwa Kiswahili utaratibu huo hauna budi kugeuzwa.

Kwanza ni sarufi. Katika anwani Adili na Nduguze (1952), Shaaban Robert hakuwa na hiari, kwa kuwa kimilikishi -ze hurejelea nomino iliyokwisha kutajwa. Tukisema "Nduguze na Adili", msomaji atatafuta ndugu wa mtu mwingine.

Pili ni mfuatano wa mambo yenyewe. Mkoani Mara, mapacha wa Kisukuma huitwa Kulwa na Doto. Wa Kijaluo huitwa Opiyo na Odongo. Jozi ya kwanza ina silabi mbili kwa mbili, ya pili tatu kwa tatu. Urefu hauamui lolote. Anayetajwa mwanzo ni aliyetangulia kuzaliwa. Vivyo hivyo, msafiri atokaye Mwanza atasema "Bunda na Musoma" kwa kufuata barabara, ilhali anayezingatia utawala ataanza na Musoma, makao makuu ya mkoa, ingawa Bunda ndilo jina fupi.

Tatu ni hadhi. Tarehe 26 Aprili 1964 ilipozaliwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, jina la silabi nne lilitangulia la silabi tatu, kinyume cha kanuni. Na jina Tanzania limehifadhi mfuatano huohuo. Waasisi wenyewe, Nyerere wa Butiama na Karume wa Unguja, wana silabi tatu kila mmoja. Asemaye "Nyerere na Karume" na asemaye "Karume na Nyerere" hawatofautiani kwa sikio, bali kwa mahali wanapousimamia Muungano wanapoutazama.

Hatukatai kwamba sauti ina nafasi yake. Nafasi hiyo ni ya mwisho, pale ambapo sarufi, matukio na hadhi vimenyamaza. Mhakiki anayeanza na silabi huufanya uamuzi wa watu uonekane kuwa mazoea ya ulimi, na aliyewekwa nyuma hukosa hata pa kuuliza sababu.